Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Elimu ya Juu: Mwanafunzi Mgeni Apokelewe Nairobi kwa Mlango Mmoja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu. Kwa Mheshimiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, ambaye Idara ya Uhamiaji iko chini yake. Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi. Kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kwa Manaibu Chansela wa vyuo vikuu vya umma na vya kibinafsi. Na kwa viongozi wa waajiri na wafanyabiashara.

Waheshimiwa,

Kwa heshima nyingi ninawaandikia nyote kwa pamoja, na sababu ya kuwaandikia hivyo badala ya kumpelekea kila mmoja barua yake ndiyo hoja yenyewe ya barua hii. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwashughulikia wanafunzi wanaotoka nchi nyingine kuja kusoma katika vyuo vikuu vya Nairobi: kuwaandalia maombi, kufuatilia ulinganishaji wa vyeti vyao, kuwasindikiza uhamiaji, kuwatafutia makao, na baadaye kuwaombea nafasi za mafunzo kazini. Katika kazi hiyo nimeona kwamba kila mmoja wenu anashika kipande cha safari ya mwanafunzi huyo, wala hakuna anayeishika safari nzima. Ninaomba basi serikali ya kitaifa, serikali ya kaunti, vyuo na waajiri waunde baraza moja la kudumu, lenye msingi wa kisheria, bajeti inayochangiwa na pande zote na ofisi iliyo wazi kwa umma, litakalowajibika kwa mwanafunzi mgeni tangu anapotuma maombi hadi anapopokea shahada yake na kuamua kama atarudi kwao au atafanya kazi hapa.

Nairobi haikuanza jana kupokea wanafunzi wa mataifa jirani. Kuanzia 1963 hadi 1970, Makerere, Dar es Salaam na Nairobi vilikuwa vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na hapo mwanzo taaluma ziligawanywa kwa makubaliano: aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka sheria akaenda Dar es Salaam, na aliyetaka uhandisi au udaktari wa mifugo akaja Nairobi na Kabete. Kijana wa Moshi au wa Mbale aliyeketi katika ukumbi wa mihadhara hapa alikuwa mwanafunzi kama wenzake, na gharama zake zilikuwa zimekwisha kujadiliwa na serikali tatu kabla hajafunga sanduku. Chuo hicho kilipogawanyika kila nchi ilijenga cha kwake, na ilikuwa haki yake kufanya hivyo, lakini tulichopoteza ni ule utaratibu wa kuketi pamoja na kukubaliana nani afundishe nini, nani alipe nini, na mwanafunzi avuke mpaka kwa karatasi gani.

Yaliyopo Nairobi leo ni mengi kuliko ya enzi zile. Kasarani peke yake ina chuo kikuu cha USIU-Africa, ambacho kimewapokea wanafunzi wa mataifa mengi kwa zaidi ya nusu karne, na umbali mfupi kutoka hapo ipo ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, ambako watafiti vijana kutoka kote barani huandika tasnifu zao. Kabete ipo taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI. Gigiri yapo makao makuu ya mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la mazingira na la makazi. Juja, katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Umoja wa Afrika uliweka taasisi ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya Chuo Kikuu cha Afrika, ambayo huwafundisha vijana wa bara zima katika ngazi ya uzamili na uzamifu. Hakuna mji mwingine katika ukanda huu wenye mkusanyiko wa namna hiyo ndani ya mwendo wa saa moja, foleni ya Thika Road ikiruhusu.

Nafasi iliyofunguka sasa haitasubiri. Mnamo Januari 2024 Kanada ilitangaza ukomo wa vibali vya wanafunzi wa kigeni na kupunguza idadi ya mwaka huo kwa takriban asilimia 35. Mwezi huohuo Uingereza iliwazuia wengi wa wanafunzi wa kigeni kuja na familia zao. Julai ya mwaka huo Australia ilipandisha ada ya viza ya mwanafunzi kutoka dola 710 hadi dola 1,600 za nchi hiyo. Wazazi wa Juba, Kigali, Lubumbashi na Mogadishu waliokuwa wakipiga hesabu ya kuwapeleka watoto wao ng'ambo wanazipiga upya, na Nairobi imo katika hesabu hizo. Ila Kigali nayo imo, na imejipanga. Ilikubaliana na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani mwaka wa 2011, na leo chuo hicho kina kampasi yake pale, kinafundisha uhandisi na teknolojia ya habari katika ngazi ya uzamili. Kampala imekuwa ikiwapokea wanafunzi wa Kenya tangu wakati ambapo nafasi katika vyuo vyetu zilikuwa haba, na haikuacha ilipoona tumeongeza zetu.

Naomba mnivumilie nieleze kisa kimoja kwa ukamilifu, kwa sababu kinaonyesha shida ilipo kuliko takwimu yoyote ninayoweza kuitaja. Msichana mmoja wa Bukavu, aliyefaulu mtihani wa serikali wa Kongo kwa alama nzuri za sayansi, alikubaliwa na chuo kimoja cha hapa kusomea sayansi ya maabara za hospitali. Barua ya kukubaliwa ilikuwa na sharti: alete uthibitisho kwamba diploma yake inalingana na daraja linalotakiwa la KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari wa Kenya. Alikuwa na diploma yenyewe, ya Kifaransa, pamoja na tafsiri iliyopigwa muhuri, zote katika bahasha ya plastiki aliyoibeba kifuani ndani ya basi kupitia Kigali na Kampala. Ofisi ya kulinganisha ikasema haiwezi kutegemea karatasi iliyotoka mkononi mwa mwombaji, na kwamba mamlaka za elimu za kwao zithibitishe matokeo moja kwa moja. Hilo ni sharti la haki. Vyeti bandia vipo. Lakini hii ilikuwa mapema mwaka wa 2025, Goma ilikuwa imeshatekwa Januari na Bukavu ikafuata Februari, na ofisi iliyotakiwa kuandika barua hiyo haikuwa na mtu wa kuiandika. Bila ulinganifu chuo hakikuweza kumsajili kikamilifu. Bila usajili kamili, ombi lake la pasi ya mwanafunzi halikusonga. Bila pasi, mwenye hosteli aliona hatari ya kumpa mkataba wa mwaka.

Nilizungumza na afisa wa kila dirisha, na niseme wazi kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa mkorofi. Kila mmoja alinionyesha kanuni yake, na kila kanuni, ukiisoma peke yake, ina maana. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema: huyu apewe usajili wa muda wa muhula mmoja, afanye mtihani wa kupimwa hapa chuoni, na uthibitisho utafuata. Muhula ulianza bila yeye. Leo anasoma Kampala, na namfurahia kwa moyo wote, kwa kuwa Kampala nako ni nyumbani ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ila karo yake, kodi yake ya nyumba, na ile miaka ambayo angeweza kuhudumu katika maabara zetu vimekwenda naye.

Tazameni sheria zenyewe. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 inaipa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kazi ya kutambua na kulinganisha shahada zilizotolewa nje. Sheria ya Baraza la Mitihani la Kitaifa, ya mwaka huohuo, inalipa KNEC uwezo wa kulinganisha vyeti vya mitihani ya nje. Mwaka wa 2014 ikatungwa sheria nyingine iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA, ambayo nayo ina sehemu yake katika utambuzi wa vyeti. Juu ya hizo tatu yapo mabodi ya kitaaluma, ya wahandisi, ya mawakili na ya wauguzi, ambayo kwa miaka mingi yamevutana na Tume kuhusu nani mwenye neno la mwisho juu ya kozi inayotambulika. Mkenya anayesoma magazeti anaweza kuufuata mvutano huo. Mzazi aliyeko Bujumbura anauona kama onyo kwamba mwanawe anaweza kusoma uhandisi kwa miaka mitano hapa kisha akaambiwa shahada hiyo haimpi leseni.

Sidai kwamba sheria hizo zifutwe. Ninaomba taasisi hizo tatu zikubaliane kwa maandishi juu ya dirisha moja la kupokea vyeti vya wageni, muda wa mwisho wa kutoa jibu, na utaratibu maalumu kwa waombaji wanaotoka maeneo ya vita, kisha ndani ya nyumba zigawane kazi jinsi sheria inavyotaka bila kumzungusha mwombaji. Tangu Aprili 2023, vita vya Sudan vimewatoa wanafunzi wengi Khartoum wakiwa katikati ya masomo, baadhi yao wakiwa wamebakisha mwaka mmoja wa udaktari au uhandisi, na vyuo vyao haviwezi kutoa nakala za matokeo. Tukingoja barua kutoka ofisi zilizoungua, vijana hao watazeeka wakingoja. Kuna njia za kumpima mwanafunzi alichokisoma. Wahadhiri wetu wanazijua, na kinachowazuia ni kukosa idhini.

Kuhusu pasi ya mwanafunzi nitasema machache. Nyayo House, ziliko ofisi za Idara ya Uhamiaji, imebadilika, maombi yanaingizwa mtandaoni, na aliyepanga foleni pale miaka iliyopita atakubali kwamba hatua imepigwa. Kilichobaki ni kuyaunganisha madirisha. Chuo kikishathibitisha usajili wa mwanafunzi katika mfumo wake, Idara ya Uhamiaji ione uthibitisho huo hapohapo, na pasi itolewe kwa muda wote wa kozi, kwa sharti kwamba chuo kitoe taarifa mwanafunzi anapoacha masomo. Mwanafunzi wa kozi ya miaka minne asilazimike kukatiza mitihani yake kwenda kuhuisha karatasi. Malaysia ilianzisha mwaka wa 2012 chombo kimoja kiitwacho Education Malaysia Global Services, ambacho hupokea maombi ya pasi za wanafunzi wa kigeni kwa niaba ya vyuo na kuyafikisha uhamiaji. Hakijakosa lawama, lakini mwanafunzi anajua ni nani wa kumuuliza.

Hapa nafika kwenye jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni kalenda. Mgeni hanunui mihadhara pekee. Ananunua ahadi kwamba kozi ya miaka minne itakwisha kwa miaka minne. Wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma mwaka wa 2017, wakagoma tena 2018, na mnamo Septemba 2025 wakaanza mgomo uliodumu hadi mwanzoni mwa Novemba, wakidai shilingi bilioni 7.9 zilizobaki katika mkataba wao wa 2017 hadi 2021. Nawaunga mkono wahadhiri katika madai yao, kwa maana mkataba uliotiwa sahihi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Lakini fikirini mwanafunzi wa Hargeisa aliyelipia chumba Ngara kwa wiki zote hizo bila kufundishwa, ambaye pasi yake iliendelea kuhesabu siku huku mihula ikisogezwa mbele, na ambaye mfadhili wake alikuwa ametenga fedha za miezi maalumu na hakuwa na za ziada. Mkenya aliweza kurudi kijijini kungoja. Yeye hakuweza. Tangazo la kuvutia wanafunzi ambalo tungeliweka katika uwanja wa ndege wa Juba wiki hizo lingekuwa ni kuwadanganya watu.

Ndiyo sababu ninasisitiza kwamba serikali haiwezi kujenga sekta hii kwa kampeni za matangazo. Ipo nchi iliyolielewa jambo hili mapema. Australia ilitunga sheria ya huduma za elimu kwa wanafunzi wa kigeni mwaka wa 2000, na tangu 2012 ina mfumo wa kulinda karo ambao vyuo vyenyewe huuchangia: chuo kikishindwa kuendesha kozi kiliyoiuza, mwanafunzi hutafutiwa nafasi katika chuo kingine au hurudishiwa sehemu ya karo ambayo hajaifaidi. Mzazi anayetuma pesa kutoka mbali analala usingizi. Sisi tunaweza kuanza na mfuko kama huo kwa kiwango chetu, vyuo vya umma na vya kibinafsi vikichangia kulingana na idadi ya wageni vilionao, mabenki yetu yakiushika chini ya usimamizi unaofaa, na masharti ya kudai yakiandikwa kwa Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu.

Katika nchi hiyohiyo, mji wa Adelaide, ambao si mkubwa wala maarufu kama Sydney, una chombo kiitwacho StudyAdelaide, kinachochangiwa na serikali ya jimbo la Australia Kusini, baraza la jiji na taasisi za elimu zenyewe. Vyuo vinavyoshindana kwa wanafunzi huketi meza moja kuutangaza mji kwanza, na mji nao huchukua jukumu la kuwapokea wageni wakishafika. Ninalitaja jimbo hilo kwa sababu ukubwa wa mambo yake unafanana na uwezo wa kaunti. Mheshimiwa Gavana, Katiba haikukupa vyuo vikuu, lakini ilikupa mengi ya yale yanayomzunguka mwanafunzi: vibali vya ujenzi, taa za barabarani, leseni za biashara, zahanati, taka. Msichana mgeni anayesoma hadi usiku maktabani huijua kaunti kwa ile njia ya giza kati ya kituo cha matatu na lango la hosteli.

Hata hivyo Australia inatupa pia onyo, na lingekuwa kosa nichague sifa tu. Idadi ya wageni ilikua haraka kuliko nyumba, kodi zikapanda, wenyeji wakanung'unika, na serikali ikafika mahali pa kutaka kuweka ukomo wa wanafunzi wapya 270,000 kwa mwaka wa 2025. Nairobi haina haja ya kupitia huko. Tayari wanafunzi wetu wenyewe wanabanana vyumbani, wawili wakilipia kitanda na watatu wakilala. Habari njema ni kwamba mtaji wa nyumba za wanafunzi umeonekana kupatikana: mwaka wa 2019 kampuni ya Acorn ilikusanya shilingi bilioni 4.3 kupitia hati fungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ya kwanza nchini, kwa ajili ya kujenga hosteli za wanafunzi jijini, na hati hiyo ikaorodheshwa katika soko la hisa la Nairobi mwanzoni mwa 2020. Tatizo ni kwamba hosteli za namna hiyo hujengwa kwa ajili ya mwenye uwezo. Kaunti ina ardhi, vyuo vina ardhi, na hazina za pensheni zinatafuta mahali pa kuwekeza kwa muda mrefu. Baraza ninaloliomba lingekuwa mahali pa kukubaliana kwamba kila jengo jipya lililopunguziwa ada za kaunti litenge vyumba vya bei nafuu kwa Wakenya na wageni sawasawa, na kwamba hakuna chuo kitakachoruhusiwa kuongeza idadi ya wageni bila kuonyesha watalala wapi.

Sasa niwageukie waajiri, ambao mara nyingi hualikwa kwenye mikutano hii kudhamini chai na mabango. Nafasi yenu ni kubwa kuliko hiyo. Mwanafunzi wa uhandisi, uuguzi, hoteli au kompyuta hawezi kuhitimu bila kwenda atachimenti, yaani mafunzo kazini, na mwanafunzi mgeni akifika hapo huanza safari mpya ya makaratasi, kwa kuwa pasi ya kusoma ni ya kusoma chuoni, na kampuni nyingi huogopa kumpokea zisije zikaonekana zimemwajiri kinyume cha sheria. Meneja mmoja wa kiwanda cha Eneo la Viwanda aliniambia angependa kumchukua kijana wa Rwanda aliyekuwa na alama bora kuliko waombaji wote, lakini wakili wa kampuni alimshauri asijitie matatani. Kijana yule alimalizia mafunzo yake katika karakana ya chuo, akifungua na kufunga injini ileile moja. Suluhisho si gumu: atachimenti inayotakiwa na mtaala ihesabiwe kuwa sehemu ya pasi ya mwanafunzi, chuo kiisajili, na kampuni ipewe barua moja inayotambuliwa na uhamiaji.

Waajiri nchini hulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kama ada ya mafunzo ya viwandani, inayosimamiwa na mamlaka ya NITA. Fedha hizo ni zenu na mna haki ya kuuliza zinafunza nani. Kampuni yenye matawi Kampala, Kigali, Dar es Salaam na Kinshasa, na mabenki yetu makubwa yamekwisha kufika huko, inahitaji Mkongo anayeujua utaratibu wa kazi wa Nairobi na Mkenya anayezungumza Kifaransa cha Lubumbashi. Watu hao hawapatikani sokoni. Hulelewa darasani na katika mafunzo kazini. Ninawaomba msingoje kuletewa mahafali. Semeni ni ujuzi gani mnaoukosa katika masoko yenu ya nje, gharimieni nafasi za masomo kwa vijana wa masoko hayo na kwa Wakenya watakaosoma pamoja nao, na mkubali kukaguliwa kama wanafunzi wa atachimenti mnawafundisha kazi au mnawatuma kununua maziwa.

Nafahamu wasiwasi wa mzazi wa Kenya, nao una uzito. Vyuo vya umma vina madeni ya mabilioni ya shilingi, mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 umewaacha wengi katika sintofahamu, na mzazi atauliza kwa nini tumtafute mgeni wakati mwanawe amekaa nyumbani. Jibu langu ni kwamba karo ya mgeni iwe nyongeza yenye hesabu za wazi, isiwe kiraka cha madeni. Kila chuo kichapishe kila mwaka kimepokea wageni wangapi, wametoka wapi, wamelipa kiasi gani, na sehemu gani ya fedha hizo imekwenda kwenye vitabu, maabara na vyumba vinavyotumiwa na wote. Wala tusiwauzie jirani zetu kozi ambazo vijana wetu wenyewe wamezikataa. Mara kwa mara upangaji wa KUCCPS, chombo kinachowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, huonyesha kozi zisizochaguliwa na mwanafunzi hata mmoja. Kozi hizo zirekebishwe au zifungwe.

Kuna kundi la watu ambao ninyi nyote hamkuwataja katika mikutano niliyohudhuria, nao ni mawakala. Hao ndio wanaokutana na mzazi kabla ya mtu mwingine yeyote, katika ofisi ndogo za Juba au Mogadishu, na hulipwa kwa kila kichwa wanachokileta. Wapo waaminifu. Wapo pia wanaoahidi kozi zisizokuwepo, na nimempokea kijana aliyeamini anakuja kusomea urubani kumbe amesajiliwa katika diploma ya usimamizi wa usafiri. Chuo kinachomlipa wakala kiwajibike kwa maneno ya wakala huyo. Daftari la mawakala waliosajiliwa, lililo wazi mtandaoni, halihitaji fedha nyingi wala sheria mpya kuanza nalo.

Katika haya yote majirani wawe wa kwanza. Mnamo Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walilitangaza eneo letu kuwa Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, limeandaa mfumo wa kulinganisha sifa za kitaaluma. Itifaki ya Soko la Pamoja inatumika tangu Julai 2010. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda huvukiana mipaka kwa vitambulisho vyao vya kitaifa. Jumuiya sasa imefikia nchi nane, Somalia ikiwa imekamilisha kujiunga mwaka wa 2024. Kwa hiyo msingi umekwisha kuwekwa. Kinachosubiriwa ni afisa aliyeko dirishani aelekezwe kuutumia. Mwanafunzi wa Jumuiya atozwe karo ya mwenyeji, kama vile tungependa mtoto wetu atozwe akiwa Mbarara au Morogoro, na vyuo vifidiwe kwa pengo hilo kutokana na mchango wa baraza. Na wale walio tayari ndani ya nchi, waliosoma katika kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma na kufanya KCSE pamoja na watoto wetu, wasihesabiwe kama wageni wa kutozwa karo ya juu wakati Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imekusudia waishi na kujitegemea miongoni mwetu.

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, wewe ndiwe unayeweza kuitisha mkutano wa kwanza, na ninakuomba uuitishe kabla ya wanafunzi wapya wa Septemba kuanza kutuma maombi. Uhamiaji ituletee afisa mwenye uwezo wa kuamua hapo mezani. Tume, KNEC na KNQA zije na rasimu moja ya dirisha la pamoja. Kaunti ije na ramani ya ardhi na njia za miguu zinazozunguka vyuo, na waajiri waje na idadi ya nafasi za atachimenti watakazozifungua kwa wageni na kwa wenyeji. Wahadhiri wawe na viti, kwa sababu bila makubaliano nao hakuna kalenda ya kumwahidi mtu. Wanafunzi wageni nao wawepo, wachaguliwe na wenzao, wapewe nafasi ya kuzungumza mwanzoni wakati watu bado wanasikiliza. Mimi na wenzangu wa ofisi za wanafunzi wa kigeni katika vyuo mbalimbali tuko tayari kuleta majalada, yakiwa yamefutwa majina, yanayoonyesha kila mahali ambapo ombi lilikwama na kanuni iliyolikwamisha, ili mkutano huo uanzie kwenye kazi yenyewe.

Wenu katika utumishi,

Mshauri wa wanafunzi wa kigeni,
Nairobi